Bahari, Ziwa na Mtiririko: Istilahi za Haki katika Maji ya Mataifa Jirani, kutoka Ziwa Jipe hadi Korogwe na Handeni

IKISIRI

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zitumikazo kueleza haki za mataifa jirani katika maji ya bara yanayopakana nayo. Hoja ya msingi ni kwamba migogoro mingi ya maji hayo imedumu kwa sababu neno moja hutwikwa mzigo wa kujibu maswali mengi kwa pamoja, na kwamba mapatano yaliyofaulu ni yale yaliyotenganisha maswali hayo. Mifano inatokana na Bahari ya Kaspi, Ziwa Nyasa, na hasa Ziwa Jipe, ambalo maji yake huingia katika bonde la Mto Pangani na kuteremka hadi Korogwe na Handeni. Inapendekezwa kuwa Kiswahili cha sheria kitofautishe istilahi za mstari na istilahi za mtiririko, kwani watu wengi wanaoathiriwa na maji ya mipakani hawaishi kando ya mpaka wowote.

1.0 UTANGULIZI

Nchi mbili au zaidi zinapopakana na ziwa moja, swali linaloulizwa kwanza aghalabu ni hili: mpaka unapita wapi? Swali hilo ni la haki, lakini si swali pekee. Yapo pia maswali ya nani avue samaki na wapi, nani achimbe kilicho chini ya sakafu ya ziwa, nani apitishe chombo juu ya maji, na nani achote maji yenyewe au ayazuie yasiende kwa mwenziwe. Maswali haya manne hayana jibu moja. Hata hivyo, katika lugha ya kawaida, na mara nyingine katika lugha ya sheria, yote hufungwa katika fundo la neno moja: "mpaka".

Suala hili limepata uzito mpya kwa Kiswahili. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Namba 1 ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, kwa upande wake, uliagiza Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Hivyo basi, mkataba wa maji unaoandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili si zoezi la darasani. Neno atakalochagua mfasiri linaweza kusomwa na hakimu, na kabla ya hakimu litakuwa limesomwa na mkulima.

Wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, zimechaguliwa kwa sababu maalumu. Hazipakani na ziwa lolote la kimataifa. Hata hivyo zinapata maji ya Mto Pangani, ambao sehemu ya maji yake hutoka katika ziwa ambalo Tanzania inashirikiana na Kenya. Kwa hiyo zinafaa kuwa kipimo: istilahi ya haki ya maji ambayo haiwezi kumtaja mkazi wa Handeni ni istilahi pungufu.

2.0 JINA LA MAJI: BAHARI AU ZIWA?

2.1 Vigezo vya Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili hutofautisha bahari na ziwa kwa vigezo kadhaa ambavyo havikuandikwa popote kama kanuni, ila vimo ndani ya msamiati wenyewe. Kigezo cha kwanza ni ladha: bahari ina maji ya chumvi, ziwa na mto vina maji baridi au matamu. Cha pili ni kupwa na kujaa. Nomino "pwani" inatokana na kitenzi "pwa". Pwani ni mahali ambapo maji hupwa. Kwa maana hiyo asilia bahari ina pwani, bali ziwa lina ukingo, ufuo au kando. Atakayesema "pwani ya Ziwa Viktoria" ataeleweka, lakini atakuwa ameliazima neno la maji yenye bamvua na kulipeleka kwenye maji yasiyo na bamvua. Kigezo cha tatu ni uwazi: bahari huunganika na bahari nyingine, ilhali ziwa limezingirwa na nchi kavu.

Vigezo hivi vinatosha kwa mvuvi wa Pangani mjini au wa Mwanza. Havitoshi kwa maji yanayotimiza kigezo kimoja na kushindwa kingine.

2.2 Somo la Kaspi

Bahari ya Kaspi, yenye eneo la takribani kilometa za mraba 371,000, ni mfano mkuu wa maji ya namna hiyo. Maji yake yana chumvi, lakini kiasi cha theluthi moja tu ya chumvi ya bahari kuu. Kupwa na kujaa kwake ni kudogo mno. Imezungukwa na nchi kavu pande zote. Kwa jina ni bahari. Kwa umbo ni ziwa.

Hadi mwaka 1991 maji hayo yalikuwa baina ya nchi mbili tu, Umoja wa Kisovieti na Iran, na mikataba ya mwaka 1921 na 1940 iliyatawala bila ya kuyagawa kwa ukamilifu. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, wenye maji wakawa watano: Urusi, Kazakhstan, Turkmenistan, Azerbaijan na Iran. Hapo jina likawa mali. Ikiwa ni bahari, basi kanuni za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 zingeweza kudaiwa, na kila nchi kupewa kanda zinazopimwa kutoka ufukoni mwake. Ikiwa ni ziwa, basi lingegawanywa kwa mapatano, au lingebaki mali ya wote. Nchi yenye ufuko mfupi ilipendelea tafsiri moja, na nchi yenye mafuta mengi karibu na ufuko wake ikapendelea nyingine. Iran kwa muda mrefu ilidai ama umiliki wa pamoja ama mafungu matano yaliyo sawa.

Mkataba uliotiwa saini Aktau, Kazakhstan, tarehe 12 Agosti 2018 haukujibu swali hilo. Katika fasili zake, Kaspi inaelezwa kuwa ni maji yaliyozungukwa na nchi kavu za wahusika. Haielezwi kuwa ni bahari kisheria wala kuwa ni ziwa. Kisha mkataba ukatenganisha mambo. Kila nchi ilipewa maji ya mamlaka yake yasiyozidi maili 15 za baharini kutoka ufukoni; nje ya hayo, maili 10 za uvuvi wake peke yake; na nje ya hapo, maji ya wote. Sakafu na udongo wa chini yake viliachwa vigawanywe kwa mapatano baina ya nchi zinazopakana na zinazotazamana. Majeshi ya nchi zisizopakana na maji hayo yakakatazwa kuwamo. Mabomba ya chini ya maji yakaruhusiwa kwa ridhaa ya nchi ambayo sakafu yake inapitiwa.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuzingatia ni mbinu iliyotumika. Nomino moja iliyobishaniwa kwa zaidi ya miaka 20 iliwekwa kando, na mahali pake zikaingia nomino kadhaa ndogo: uso wa maji, samaki, sakafu, njia. Mapatano hayakuja kwa kupata jina sahihi la kitu kizima, bali kwa kupata majina ya sehemu zake.

3.0 MSTARI: UPANDE, UKINGO NA NDANI

3.1 Mkataba mmoja, maji matatu

Afrika Mashariki ilirithi maneno ya wengine. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulieleza mipaka inayogusa maji matatu yanayohusika hapa. Kaskazini, mstari ulianzia ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Umba, ukaenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, ukapita upande wa mashariki wa ziwa hilo na kuzunguka upande wake wa kaskazini, kisha ukavuka Mto Lumi. Maelezo ya Jipe yalikuwa yamekwisha kutumika katika mapatano ya mwaka 1886. Kusini, mstari ulifuata kingo za mashariki, kaskazini na magharibi za Ziwa Nyasa hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe.

Ukisomwa neno kwa neno, mkataba huo una tabia moja: maji hayagawanywi. Mlango wa Umba na Ziwa Jipe vinabaki upande wa Wajerumani; Ziwa Nyasa linabaki upande wa Waingereza. Waandishi wake walichora nchi kavu na kumwachia mmoja wao maji.

Hata hivyo historia ya maziwa hayo mawili haikufanana. Kuhusu Jipe, dola hizo mbili zilirudi mezani na kufanya mapatano mengine mwaka 1893 juu ya sehemu ya kutoka Umba hadi Jipe na Kilimanjaro. Leo mpaka wa Kenya na Tanzania unapita ndani ya ziwa hilo, na kila nchi ina sehemu yake ya maji. Kuhusu Nyasa, maneno ya mwaka 1890 yamebaki kuwa kiini cha mgogoro. Malawi imeyashikilia, ikitegemea pia kanuni ya mipaka iliyorithiwa, ambayo wakuu wa nchi za Afrika waliithibitisha mjini Cairo mwezi Julai 1964. Tanzania, ambayo mwaka 1967 iliieleza Malawi rasmi kuwa mpaka ni mstari wa katikati ya ziwa, imetegemea desturi ya sheria ya kimataifa juu ya maziwa ya mipakani pamoja na baadhi ya ramani za enzi ya utawala wa Waingereza zilizoonyesha mstari katikati ya maji. Mgogoro ulipamba moto tena baada ya Malawi kutoa leseni ya utafutaji wa mafuta ziwani mwaka 2011. Usuluhishi wa marais wastaafu wa Afrika, chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, haukuzaa mkataba wa kulimaliza shauri hilo. Hata jina la ziwa likaingia katika ugomvi: Nyasa kwa mmoja, Malawi kwa mwingine. Na "nyasa", kama zilivyo "nyanja" na "nyanza", ni neno la Kibantu lenye maana ya maji mapana tu. Jina hilo halikuwa la taifa lolote.

3.2 Upande si ukingo

Katika matini ya Kiingereza ya mwaka 1890, neno lililotumika kwa Jipe lina maana ya "upande", na lililotumika kwa Nyasa lina maana ya "ukingo" au "ufuo". Mfasiri anayeyaunganisha yote mawili katika neno "kando" atakuwa ameufuta utofauti ambao mwanasheria anaweza kuuhitaji. "Upande wa mashariki wa ziwa" una maana mbili katika Kiswahili. Unaweza kuwa sehemu ya ziwa lenyewe, kama tusemavyo upande wa kushoto wa mwili, na unaweza kuwa nchi iliyo nje ya ziwa, kama tusemavyo upande wa kusini wa mji. Kwa maana ya kwanza mpaka umelowa. Kwa maana ya pili ni mkavu. "Ukingo" hauna utata huo, ila una wake: hauonyeshi ni ukingo wa maji ya kiangazi au wa maji ya masika. Katika Jipe, ambako matete na mafunjo yamefunika sehemu kubwa ya kando za ziwa, hata mtu aliyesimama hapo anaweza kushindwa kuonyesha mahali maji yanapokoma.

Kiswahili hata hivyo kina nyenzo ambayo lugha za mikataba hiyo hazikuwa nayo, nayo ni viambishi vya mahali. Tazama tungo zifuatazo:

(1) Mpaka upo ziwani.
(2) Mpaka uko ziwani.
(3) Mpaka umo ziwani.

Tungo ya (1) inadai kuwa mahali hasa panajulikana na panaweza kuonyeshwa. Tungo ya (2) inasema tu kuwa mpaka unapatikana katika eneo la ziwa, bila ya kupabainisha. Tungo ya (3) inauweka mpaka ndani ya maji. Msimamo wa Tanzania kuhusu Nyasa ni (3), kisha (1): mpaka umo ziwani, nao upo katikati. Msimamo wa Malawi unaikanusha (3) na kuitetea (1) kwa namna nyingine: mpaka upo ukingoni. Hali halisi ya mgogoro, ikielezwa na mtu asiyependelea upande wowote, ni (2). Matini ya sheria inayoandikwa kwa Kiswahili inaweza kulazimishwa iseme ni ipi kati ya hizo tatu inayokusudiwa. Jambo hilo linapotatizwa na tafsiri ya haraka inayotumia "-ko" kila mahali, lugha inapoteza hazina yake yenyewe.

Kinachobishaniwa si sarufi tupu. Maneno ya mwaka 1890 yakishikwa jinsi yalivyo, mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay anapoingiza mtumbwi wake majini huwa amekwisha kutoka nchini mwake.

4.0 KUTOKA MSTARI HADI MTIRIRIKO

4.1 Jipe, Umba na Pangani

Istilahi za mstari, hata zikisafishwa vipi, zina upungufu mmoja wa asili: maji hayakai. Ziwa Jipe ni dogo, lenye eneo la takribani kilometa za mraba 30. Hupokea maji ya Mto Lumi, unaoteremka kutoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro na kupita Taveta nchini Kenya, pamoja na vijito vya Upare Kaskazini nchini Tanzania. Kutoka ziwani maji hutoka kwa Mto Ruvu na kuingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Humo hukutana na maji ya Mto Kikuletwa, ambao mchango wake ni mkubwa zaidi. Kutoka bwawani mto huendelea kusini mashariki, ukipokea Mkomazi na Luengera, ukapita Korogwe na kituo cha umeme cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964, kisha ukashuka hadi Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Kusini mwa mto ni Uzigua. Kaskazini ni Usambara na Bonde. Handeni, ambayo kwa kiasi kikubwa ni nchi kavu isiyo na mto mkubwa wa kudumu, huletewa maji ya mto huo kwa bomba kuu lililochukua jina la wilaya, ambalo chanzo chake kiko upande wa Korogwe.

Kwa hiyo jambo lolote linalofanywa juu ya Lumi, au juu ya matete na tope la Jipe, ni sehemu ya hesabu ya maji ya bonde zima. Sehemu hiyo ni ndogo, na haifai kutiwa chumvi. Lakini udogo wa fungu hauondoi haki. Mpaka ulio ndani ya ziwa humwambia mvuvi mahali pa kutega nyavu. Haumwambii mtu wa Korogwe, sembuse wa Handeni, ni maji kiasi gani yaachwe yapite.

Upande wa pili wa mizani uko Mto Umba. Huo huanzia katika misitu ya Usambara ya Magharibi nchini Tanzania, na huingia Kenya kabla ya kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Katika Lumi na Jipe, Kenya iko juu na Tanzania chini. Katika Umba, Tanzania iko juu na Kenya chini. Kila nchi ina mkono juu ya bilauri ya mwenziwe. Ndiyo maana hati ya makubaliano ambayo nchi hizo mbili zilitia saini mwaka 2013 iliyaweka pamoja maziwa Chala na Jipe na Mto Umba. Kwa kuyafunga maji hayo katika hati moja, kila upande ulipata sababu ya kuwa mpole kule ulipo juu, kwa kuwa unajua kwamba kuna mahali uko chini.

4.2 Haki, kibali, fungu na zamu

Ndani ya Tanzania msamiati wa haki ya maji umebadilika kwa namna inayohitaji kuchunguzwa. Sheria ya maji Namba 42 ya mwaka 1974 ilizungumzia "haki ya maji", ambayo mtumiaji aliomba na kuandikishiwa. Ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, ya kwanza ya aina yake nchini, ilipoanzishwa mwaka 1991, kazi yake ilifungamana na haki hizo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 iliacha neno hilo na kutumia "kibali cha kutumia maji". Badiliko hilo si la mapambo. Haki huwa ya mwenyewe, na anayeinyima hudaiwa sababu. Kibali hutolewa, huwa na muda na masharti, na aliyekitoa anaweza kukiondoa kwa mujibu wa sheria. Kwa mtumiaji wa Korogwe, tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya mahali anaposimama mbele ya ofisi.

Chini ya tabaka hilo la sheria lipo tabaka jingine la kale zaidi. Wapare walijenga ndiva za kukusanyia maji, na Wachaga wakachimba mifongo ya kuyaongoza hadi mashambani. Katika desturi hizo maji yaligawanywa kwa wakati, kila mmoja akingoja zamu yake. "Zamu" haimpi mtu maji, inampa saa. "Fungu" haliutaji mstari, linataja kiasi. Maneno haya mawili hueleza haki katika kitu kinachotembea, na kwa hiyo yanafaa kwa mtiririko kuliko neno "mpaka". Hali kadhalika lipo neno "mgao", ila masikioni mwa Mtanzania wa leo limechukua harufu ya upungufu, kwa sababu ya mgao wa umeme. Pale inapokusudiwa kanuni ya kudumu na si hatua ya dharura, "mgawanyo" linafaa zaidi.

4.3 Utata wa "matumizi ya haki"

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya mikondo ya maji ya kimataifa ulipitishwa mwaka 1997 na kuanza kutumika mwaka 2014. Kanuni zake kuu ni tatu: kila nchi itumie maji kwa namna inayozingatia stahili ya wengine na kwa kiasi cha busara, isiwadhuru wenzake kwa kiasi kikubwa, na iwaarifu mapema inapokusudia mradi wenye athari. Kanuni ya kwanza humtia mfasiri mtegoni. Akisema "matumizi ya haki", neno "haki" litaleta maana mbili: stahili ya mtu, na uadilifu. Nchi ya juu inaweza kuyasoma kuwa ni matumizi ambayo ina haki nayo. Nchi ya chini ikayasoma kuwa ni matumizi yasiyo ya dhuluma. Akisema "matumizi ya usawa", atakuwa ameleta hoja ya mafungu sawa, ambayo kanuni haikukusudia. Uadilifu huzingatia idadi ya watu, hali ya nchi na kukosekana kwa njia nyingine ya kupata maji. "Matumizi ya kiadilifu" yanaepuka mitego yote miwili. Neno la zamani "insafu" nalo lingefaa, kama wanasheria wangekubali kulirejesha.

5.0 SIFA YA "PAMOJA"

Linabaki suala la kuyaita maji yenyewe. Istilahi tatu zinashindana. "Maji ya pamoja" ni wepesi kueleweka, lakini hudokeza mali isiyogawanyika, ambayo wote wanaimiliki yote. Huo ni msimamo mmojawapo katika mgogoro, kama ilivyoonekana kwa Kaspi. Hauwezi kuwa jina la jumla la maji ambayo bado yanabishaniwa.

"Maji yavukayo mipaka" yanaanza na mpaka na kuyafanya maji kuwa mgeni. Yanafaa kwa mto kama Umba, ambao kweli huvuka. Hayafai sana kwa ziwa, ambalo halivuki bali limelalia mpaka.

"Maji shirikishi" ni istilahi inayopatikana katika lugha ya wataalamu wa sekta ya maji. Kwa umbo, imetokana na kitenzi cha kusababisha, "shirikisha". Maana yake halisi ni maji yanayowafanya watu washiriki, si maji ambayo watu wanashiriki. Mwanasarufi anaweza kuikataa kwa sababu hiyo. Lakini yamkini kasoro yake ndiyo nguvu yake. Maji ya Jipe hayamilikiwi na mkazi wa Handeni, wala hayavuki mpaka wa kijiji chake. Hata hivyo yanamfanya awe mshiriki wa shauri la Kenya na Tanzania, apende asipende. Kati ya istilahi tatu, ni hii pekee inayoweza kumtaja.

6.0 HITIMISHO

Kutokana na mjadala huu, mapendekezo manne yanatolewa kwa wafasiri wa sheria na wakuza istilahi.

(a) Mfasiri asilazimishe "bahari" au "ziwa" pale mkataba wenyewe ulipokwepa kuchagua. "Maji yaliyozungukwa na nchi kavu" ni maneno marefu, lakini ni ya kweli.

(b) "Upande", "ukingo", "ufuo" na "kando" yasitumiwe kama visawe katika maelezo ya mipaka, na viambishi "-po", "-ko" na "-mo" vichaguliwe kwa makusudi.

(c) Istilahi za mstari (mpaka, ukingo, mstari wa kati) zitenganishwe na istilahi za mtiririko (fungu, zamu, mgawanyo, kiasi cha kuachwa), kwani haki za namna ya pili zinaweza kukubaliwa hata pale haki za namna ya kwanza zinapobaki katika ubishi.

(d) "Matumizi ya kiadilifu" yatumike badala ya "matumizi ya haki", na "maji shirikishi" yakubaliwe kwa fasili inayowajumuisha watu wa mkondo wa chini wasiopakana na ziwa.

Pendekezo la (c) ndilo zito kuliko yote. Mgogoro wa Nyasa umekaa kwa miongo kadhaa juu ya mstari, na wakati wote huo wavuvi wa pande mbili wameendelea kuvua samaki walewale. Jipe inaonyesha njia nyingine: mpaka umetulia ndani ya ziwa, na hati ya mwaka 2013 imewapa majirani jambo la kuzungumza zaidi ya mpaka. Bado kazi haijakwisha. Hati ya makubaliano haina nguvu ya mkataba, na fungu la maji la mkondo wa chini halijapata neno lililokubaliwa na wote. Maji ya Lumi yanapofika katika bomba la Handeni, hakuna awezaye kuyatofautisha na ya Kikuletwa. Kwa mkazi wa Handeni, haki ya kuyadai itategemea kuandikwa kwake katika lugha anayoisoma, na kwa maneno yenye maana moja.